Viti vya Marva Kwenye Korido

Marva alinipigia simu Jumamosi mchana, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Etobicoke nachambua mchele, kazi ambayo binti yangu husema haina maana kwa sababu mchele wa huku hauna mawe. Hakunisalimia. Alisema tu, "Neema, njoo unisaidie kutoa viti," kisha akakata. Sikuhitaji kuuliza. Nilifunika mchele, nikatoa kanga mbili kabatini, nikamwambia mume wangu kwamba Bi Ernestine, mama yake Marva, amefariki. Akaniuliza nimejuaje, wakati simu yenyewe haikuchukua hata dakika. Nilimjibu kwamba ni habari ndefu, ya kabla yake. Kwenye basi nilianza kuikumbuka kwa mpangilio, na kwa kuwa nimeshafika umri wa kusema mambo bila kuyapamba, nitaiandika hapa ilivyokuwa. Ya nyumbani Morogoro, wazazi wangu ni akina nani na nilifikaje Kanada, nayaacha. Hayahusiki na mwaka huo, na kila mtu wa huku anayo ya kwake yanayofanana na yangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nasoma chuo mchana na kukunja mashuka ya hoteli jioni, na tulikuwa wasichana watatu katika fleti moja Parkdale, ghorofa ya tisa. Mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la Marva, kwa hiyo kwetu yeye ndiye mwenye nyumba, ingawa alituzidi umri kidogo tu. Alitoka kisiwa kimoja kidogo cha Karibi ambacho hakuwa na desturi ya kukitaja. Alisema "nyumbani" na sisi tukaelewa. Naye tuliongea Kiingereza, kila mtu cha kwao. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Wa tatu wetu alikuwa Wanjiru, Mkenya wa Nyeri, aliyesomea uhasibu na kucheka kila kitu. Sebule ilikuwa na kochi la kijani, televisheni, na meza ya kulia yenye viti vinne vya mbao ambavyo Marva alivinunua kimoja kimoja kwenye maduka ya mitumba. Kila Jumapili baada ya kanisa alivipangusa kwa mafuta mpaka vikang'aa. Ukiegemea nyuma, miguu miwili ya kiti ikiwa hewani, alikutazama tu mpaka uishushe. Kwenye kona lilisimama pipa la plastiki la buluu, lenye kimo cha kufika kifuani, limefunikwa kitambaa cha meza. Mwaka mzima alilijaza kidogo kidogo, sabuni, mchele, mafuta ya kupikia, soksi, na Krismasi ilipokaribia lilisafirishwa kwa meli kwenda kwa mama yake. Wageni waliliwekea vikombe vya chai bila kujua kuwa ni mzigo wa mtu.

Kuanzia Juni mpaka Novemba televisheni ile ilikuwa ya Marva peke yake. Baada ya kula aliwasha chaneli ya hali ya hewa, akazima sauti, akatazama mawingu meupe yakijizungusha baharini, upande wa Afrika Magharibi. Nilishangaa kugundua kwamba vimbunga vyao huanzia kwetu, au karibu na kwetu, na nikamwambia hivyo. Alisema ndiyo, na kwamba bado hatujawaomba radhi. Mimi na Wanjiru tulijua mafuriko na tulijua ukame, lakini si upepo unaotangazwa wiki nzima kabla na kupewa jina la mtu. Hilo la jina lilimkera kuliko wote Mama Subira, mama wa Kitanga wa ghorofa ya nne, ambaye Waswahili wote wa jengo lile tulimpa shikamoo kama mama yetu mzazi. Alitaka kujua mtoto mwenye jina hilo ataingia vipi darasani upepo ukishaua watu. Marva alimweleza kwamba majina ya vimbunga vibaya huwa hayatumiki tena. Mama Subira akasema afadhali, lakini sura yake ilionyesha hajaridhika.

Kimbunga cha mwaka huo kilipita juu ya kisiwa cha Marva tukiwa tumelala. Asubuhi tulimkuta amesimama mbele ya televisheni, amevaa sare ya kazi, mkoba begani. Picha zilikuwa za vilima ambavyo siku mbili kabla vilikuwa vya kijani, sasa vya kahawia, na nyumba zisizo na mapaa. Alikwangua kadi ya simu, akabonyeza tarakimu zote, akasikiliza mlio mmoja usiokatika, akaweka simu chini, akaenda kazini. Hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi na kila jioni, na hakulia. Tulijua kwamba mama yake aliishi peke yake katika nyumba ya mbao karibu na mto. Tulijua pia kwamba Marva hangeweza kwenda kumtafuta. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na akitoka Kanada kabla hayajakamilika asingeruhusiwa kurudi. Kwa sababu hiyo hakuwa amemwona mama yake kwa miaka, na mara ya mwisho walipoongea alimkatia simu kwa hasira, baada ya kuulizwa kwa mara nyingine atarudi lini.

Mimi na Wanjiru hatukujua la kufanya, kwa hiyo tulipika. Tulipika ugali na mchicha, tukapika kuku, tukakaanga ndizi kwa kuwa aliwahi kusema kwao wanazila. Alikula vijiko viwili, akashukuru, akaosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu. Jioni aliketi kwenye kiti chake mezani, mgongo wima, akitazama simu iliyokuwa ukutani. Wanjiru aliacha kucheka, na fleti bila kicheko chake ikawa kama ya watu wengine. Nilianza kuchelewa makusudi kutoka hotelini ili nimkute Marva ameshalala.

Aliyekata shauri ni Mama Subira. Alikuja wakati Marva yuko kazini, mimi nikiwa chumbani najisomea, na kuta zetu zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilisikia kila neno. Alimwambia Wanjiru ni aibu, mwenzetu amepatwa na sisi tunapita mlangoni kwake na mifuko ya sokoni. Wanjiru akamjibu kwa heshima, "Lakini auntie, hakuna mtu amekufa. Hatujaskia kitu." Mama Subira akauliza kama paa limeondoka, na mji umeondoka, na mtoto hajui mama yake yuko wapi, na huo si msiba, basi msiba ni nini. "Mtu akipatwa anaendewa," alisema. "Ama mnataka aendelee kutazama ukuta?" Nami, kitabu kikiwa mapajani, nilikubaliana naye kabisa. Hata leo nikiupima uamuzi ule naona ulikuwa wa haki, ila hakuna aliyefikiria kumwuliza Marva kwao watu hukaa chini kwa sababu gani.

Kwetu msiba una sura yake, na Jumamosi iliyofuata Mama Subira aliujenga wote juu ya ghorofa ya tisa. Kochi lilitolewa likasimamishwa wima kando ya lifti. Viti vinne vikapangwa kwenye korido. Mikeka na mablanketi vikatandikwa sebuleni ukuta hadi ukuta, na pipa, lililokataa kusogea kwa uzito, likaachwa palepale. Wanawake wakaja, wa kanisani na wa msikitini, wamejifunga kanga juu ya suruali za jinzi, wakakaa chini wamenyoosha miguu. Wanaume hukaa nje, chini ya turubai, na kwa kuwa ghorofa ya tisa haina nje, walikaa koridoni kwenye viti vya Marva wakizungumza mpira kwa sauti ya chini. Mmoja wao alikuwa Mzee Dias wa mlango wa pili, Mgoa wa Dar es Salaam, karani mstaafu wa bandari, aliyevaa tai nyeusi na kushika rozari. Jikoni mimi na Wanjiru tulisimamia pilau kwenye sufuria ambayo Mama Subira aliibeba sandukuni toka Tanga, kubwa mpaka ikafunika plate mbili za jiko. King'ora cha moshi tulikivalisha kofia ya plastiki ya kuogea ili kisituumbue.

Marva alirudi jioni, jua lingalipo. Mlango wa lifti ulipofunguka alichokiona kwanza ni kochi lake limesimama wima. Kisha akaona viti vyake, na wanaume waliokaa juu yake, ambao kwa adabu waliinuka wote pamoja, wakainamisha vichwa, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine bila kusema neno. Mlango wa fleti ulikuwa wazi. Akaona wanawake chini. Haya nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni na nilichopata ni sauti tu: mkoba ukianguka, halafu kilio ambacho sikukitambua, kwa kuwa sikuwahi kumsikia Marva akipandisha sauti. Wanjiru aliacha mwiko. "Wamempigia kazini," akasema. "Mama yake ameenda." Mama Subira, aliyejiandaa kumpokea mtu mwenye wasiwasi, akampokea mtu anayelia kifo, akafikiri vilevile tulivyofikiri sisi. Alimvuta, akamlaza mapajani, akaanza kulia naye, na sebule nzima ikafuata. Marva kwa upande wake aliwaona wanalia akawa na hakika kwamba simu ilipigwa nyumbani yeye akiwa hayupo. Kila upande ulidhani mwenzake ndiye mwenye habari.

Tulilia sana. Mimi Bi Ernestine nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa akipiga simu na kuniuliza, kabla ya salamu, kama mwanawe anakula. Nililia mpaka nikashindwa kupumua vizuri. Kilio kilipotulia Marva alianza kuongea, yeye ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ametuambia lolote la maana juu ya nyumbani. Alisimulia mkate wa nazi ambao mama yake aliuoka na kuuza shuleni, na sare aliyomshonea kwa kitambaa cha pazia, na jinsi wenzake walivyolijua pazia lenyewe. Alisimulia simu aliyoikata. Na kila baada ya habari moja alisema, "Sikuwepo." Alisema bila kulia, kama mtu anayejibu anapoitwa jina. Sikuwepo alipovunjika mguu. Sikuwepo alipomzika dada yake. Na hili nalo, sikuwepo. Wanawake wengi mle ndani walikuwa na wazazi waliozikwa bila wao, Mama Subira akiwa mmojawapo, na nadhani kuanzia hapo kila mtu alikuwa akilia wa kwake. Tukaleta pilau kwenye masinia, na kachumbari. Marva alikula kwa mkono, kwenye sinia moja na wenzake, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kimbunga. Nilifurahi kumwona anakula, na nikaona haya kufurahi.

Baada ya chakula Mzee Dias aliingia kuongoza sala. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alichuchumaa kwa shida mbele ya Marva, akamwuliza jina kamili la marehemu, akaambiwa. Akauliza alifariki siku gani, ili aitaje katika sala. Marva akamgeukia Mama Subira, akauliza walisema siku gani. Mama Subira akauliza ni akina nani hao. Waliopiga simu, Marva akasema. Mama Subira akanitazama mimi, nami nikamtazama Wanjiru, aliyekuwa bado ameshika bakuli la kachumbari.

"Nani alipiga simu?" Mzee Dias aliuliza, polepole, ili wote tusikie.

Niliona Marva akielewa. Ilianzia machoni, ikashuka mabegani, na akaondoa mkono wa Mama Subira juu ya goti lake kwa upole, akasimama. Nilitegemea atutukane. Alitazama mlangoni, kule koridoni, akasema, "Rudisheni viti vyangu."

Tulivirudisha. Wanaume walibeba kochi, wanawake wakakunja mikeka, na watu waliondoka bila kuaga. Mama Subira ndiye wa mwisho. Alitaka kusema neno, akaona mgongo wa Marva, akachukua viatu vyake. Wanjiru akakivua king'ora kofia. Marva alivipangusa viti kimoja kimoja, akavisukuma mezani, akaingia chumbani kwake. Siku zilizofuata hakutusemesha zaidi ya salamu, na mimi na Wanjiru tulikula pilau asubuhi na jioni mpaka tukaichukia. Hasira yake haikunitisha sana. Niliogopa kwamba habari ya kweli haitakuja kamwe, na kwamba jioni ile ndiyo itakuwa mazishi pekee aliyoyapata mama wa watu, kwenye mikeka ya kuazima, kwa kukosea. Watoto wangu nikiwasimulia hunijibu kwa Kiingereza kwamba tungeuliza tu. Ni kweli, tungeuliza tu. Lakini nimeishi huku miaka mingi tangu wakati huo, nimeona watu wakiulizwa vizuri sana wanaendeleaje na kuachwa walivyo, na sina uhakika kwamba lile ndilo kosa baya zaidi.

Simu iliita asubuhi moja, nikapokea mimi. Laini ilikuwa mbali na inakatikakatika. Mwanamke akaniuliza kama mwanawe anakula. Niliiacha simu ikining'inia kwa waya wake, nikaenda kugonga kwa Marva, nikamshika mkono tu nikamleta. Bi Ernestine alinusurika ndani ya choo cha jirani, chumba pekee pale mtaani chenye dari ya zege, wamejibana humo watu wazima, watoto na mbuzi mmoja. Nyumba yake ilichukuliwa na mto. Alikuwa ametembea mpaka mji mwingine kutafuta simu inayofanya kazi. Marva alisikiliza ameketi, akisema ndiyo Mama, ndiyo Mama. Kisha akaegemea nyuma, miguu miwili ya kiti ikapaa, wala hakuishusha.

Siku hiyohiyo alishuka ghorofa ya nne, akamwambia Mama Subira apande wanywe chai. Mama Subira alilia pale mlangoni, kisha akasema chai ni sawa, lakini msiba ukishakaliwa lazima tanga lianuliwe, mtu awe amekufa au hakufa. Kwa hiyo watu walirudi wote, na safari hii wakakaa kwenye viti, na waliokosa viti wakasimama. Kulikuwa na chai ya maziwa na maandazi, na Mzee Dias alisali sala nyingine, isiyohitaji tarehe. Laini ilipopatikana Marva aliweka simu kwenye spika, akamweleza mama yake, kwa aibu, kwamba watu wa Afrika wamemlilia. Bi Ernestine akauliza kama walipika nyama. Marva akasema walipika. Akauliza kama ilikuwa nyingi. Marva akasema nyingi. "Basi waambie asante," akasema, na Wanjiru akacheka mpaka akakaa chini. Wiki ile pipa halikungoja Krismasi. Tulilijaza turubai, misumari, mishumaa na sabuni, na Mama Subira akasukumia juu kabisa kanga mpya, ambayo baadaye tulisikia imekuwa pazia.

Makaratasi ya Marva yalikamilika, na baada ya muda alimleta mama yake. Bi Ernestine aliishi ghorofa ya tisa miaka yake yote iliyobaki, akilalamikia baridi na kuoka mkate wa nazi. Kila alipokutanishwa na mmoja wetu aliuliza kwanza, "Huyu naye alinililia?" Akiambiwa ndiyo, alimshika shavu. Ambaye hakuwepo siku ile alipewa mkono tu. Bi Ernestine alimwita Mama Subira "aliyenizika", mbele za watu, na wote wawili walifurahia. Mama Subira alipofariki, Bi Ernestine alikuwa wa kwanza kukaa chini mkekani, na magoti yake yale mabovu, na hakuinuka mpaka tanga lilipoanuliwa. Nilimpenda sana. Sikumwambia, kwa kuwa nilidhani anajua.

Haya ndiyo niliyoyakumbuka kwenye basi na kisha kwenye tramu. Lifti iliponifikisha juu, korido ilikuwa tupu na mlango uko wazi. Wanjiru alikuwa ametuma ujumbe kwamba anatafuta ndege kutoka Calgary. Mzee Dias hayupo tena. Marva alikuwa ameketi mezani peke yake kwenye kimoja cha viti vile vile vinne, nywele zake nyeupe kuliko zangu. Hatukukumbatiana. Tulishika kochi, ambalo sasa ni jingine na zito zaidi, tukalisukuma mpaka kwenye lifti tukihema. Tukavitoa viti, na yeye mwenyewe akavipanga, akirudi mara mbili kukinyoosha kimoja. Nikatandika mikeka. Nikamfunga kanga kiunoni, naye akaniachia nimfunge kama mtoto. Tukakaa chini, mgongo ukutani, karibu na mahali lilipokuwa pipa. Bado hakuna mtu aliyekuwa amefika. Kulikuwa na swali ambalo katika nyumba ile halina budi kuulizwa, na kwa kuwa mwenye kuliuliza hayupo, niliuliza mimi.

"Nani alipiga simu?"

Marva alinyoosha miguu, akavuta kanga ikafunika magoti yake.

"Hakuna aliyepiga," akasema. "Nilikuwepo."